Ubao wa Mashua Huumia Barabarani

Mkazi wa Gudele, upande wa magharibi wa Juba, akiwa na mashua ndogo ya tanga, hana budi kuiweka uani na kuishusha mtoni kwa tela. Na akiwa ameinunua Uganda, kwenye fukwe za Ziwa Victoria au Ziwa Albert, hawezi kuileta nyumbani kwa maji, maana maporomoko ya Fola karibu na Nimule yameufunga mto. Taabu hiyo ni ya zamani. Katika miaka ya 1870, zama za Charles Gordon, meli ya mvuke iliyoitwa Khedive ilifunguliwa vipande vipande na kuchukuliwa na wapagazi hadi Dufile, juu ya maporomoko, ikaundwa tena huko. Kutoka Dufile hiyo hiyo Romolo Gessi aliondoka mwaka 1876 na mashua mbili za chuma, akalizunguka Ziwa Albert. Siku hizi wapagazi hawahitajiki: ipo barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba, iliyokamilika mwaka 2012. Lakini chombo kikipanda nchi kavu bado kimo hatarini, na kiungo kinachoumia upesi kuliko vyote ni ubao wa mkuku.

Ubao huo hushuka majini kupitia ufa uliokatwa katikati ya mkuku, nao hukaa ndani ya kisanduku chembamba na kuning'inia kwenye boliti moja. Kazi yake ni kuzuia chombo kisisukumwe ubavuni na upepo. Ngalawa na jahazi za pwani hazina kitu cha namna hii, na ndiyo sababu watu wengi hukiona kama pambo tu.

Si pambo hata kidogo. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, upepo wa Juba huvuma zaidi kutoka kaskazini, na mto hutiririka kuelekea kaskazini. Mwenye tanga hupanda kwa upepo na kurudi kwa mkondo. Mvua zianzapo, upepo hugeuka ukatoka kusini. Hapo upepo na mkondo vyote viwili hukichukua chombo upande mmoja, upande wa Mongalla. Ubao ukikataa kushuka, mashua haiwezi kubisha, na baba aliyewatembeza watoto wake jioni atarudi kwa makasia, ikiwa aliyakumbuka.

Madhara huanzia kwenye tela. Wengi huupandisha ubao kwa kamba yake na kuifunga, wakaona yametosha. Kamba ile iliwekwa kwa ajili ya maji, ambayo hubeba sehemu ya uzito. Haikuwekwa kwa ajili ya mashimo ya vichochoro vya Gudele baada ya mvua. Kila mtikisiko huurusha ubao na kuuangusha juu ya boliti, mpaka tundu lililokuwa la mviringo liwe kama yai. Kamba ikikatika, ubao huangukia mhimili wa tela au barabara yenyewe, ukavunjika au ukapasua kisanduku. Kisanduku kikipasuka, maji huingia ndani ya mashua, na hilo ni baya kuliko kuvunjika kwa ubao.

Kwa hiyo ubao upandishwe mpaka mwisho, kisha upitishwe mkanda mpana chini ya tumbo la mashua, penye ufa, pamoja na kipande cha ubao laini kilichofungwa zulia kuukuu. Roda za tela zishike mkuku mzima, zisiguse ufa. Kama ubao ni wa namna ya kuchomolewa, uchomolewe, uviringishwe blanketi na kulazwa bapa. Usiegemezwe ndani ya gari lililofungwa juani, maana joto la Februari na Machi hupita nyuzi 38, na mbao hupinda. Dereva akague mikanda baada ya kilomita chache za kwanza, kisha kila asimamapo. Anayengoja karatasi zake Nimule ana muda mwingi wa kuinama na kutazama.

Ubao uliokwama usipigwe nyundo kutoka juu. Mara nyingi ni kijiwe au tope lililokauka lililoingia njiani. Mashua ilazwe ubavu juu ya matairi ya zamani, na uchafu uondolewe kwa kipande chembamba cha mti na maji. Mtu asiingie kamwe chini ya chombo kinachoning'inia bila vigogo vya kukishikilia.

Ubao wa mti uliomeguka ukaushwe kivulini siku kadhaa, kwani gundi haishiki mti wenye maji. Halafu upigwe msasa, ujazwe epoksi na kufunikwa kitambaa cha faibaglasi ukingoni. Tundu lililopanuka lijazwe epoksi iliyochanganywa na unga wake wa kuikaza, likauke kabisa, ndipo litobolewe upya kwa kipimo cha boliti. Kulitia boliti nene zaidi ni njia ya mkato inayoudhoofisha ubao. Ule wa chuma ukwanguliwe kutu na kupakwa rangi ya kinga, nyembamba, kwani rangi nene nayo huukwamisha.

Siku ya kurudi mtoni, mashua isukumwe mpaka maji yafike kiunoni, ubao ushushwe na kupandishwa mara tatu, na sakafu iguswe kwa mkono karibu na kisanduku. Ikiwa kavu baada ya robo saa, watoto wapande.