Wasiwasi, Ihahamuka na Tiba ya Mazungumzo

Kila mitihani ya mazungumzo inapokaribia, walimu wa lugha hupata wanafunzi wanaoomba ruhusa ya ugonjwa. Tumbo linauma, kichwa kinagonga, usingizi hakuna. Aghalabu tunawadhania wavivu. Katika makala haya tumeonelea vyema kueleza wasiwasi ni nini, hugeuka ugonjwa lini, na mazungumzo na mtaalamu husaidia kwa njia gani. Tutaanza na maneno, maana ndiyo kazi yetu.

Neno wasiwasi tumelipata katika Kiarabu, ambako waswas ni mnong'ono, hasa ule wa shetani moyoni mwa mtu. Picha hiyo inafaa sana. Hofu ina kitu mbele yake: mbwa, mwizi, moto. Wasiwasi hunong'ona habari za jambo ambalo halijatokea na huenda lisitokee kabisa: utachekwa, utasahau, utaanguka. Mwili nao haujui kwamba ni mnong'ono tu. Hujiandaa kana kwamba chui yuko mlangoni: moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, viganja vinatoka jasho, kinywa kinakauka. Hali hiyo ikiwa ndogo hutufaa. Ndiyo inayomwamsha mwanafunzi alfajiri akadurusu. Huwa ugonjwa inapodumu kwa miezi, inapozidi mno sababu yake, na inapomfanya mtu ayakimbie maisha yake mwenyewe: haji darasani, hapandi basi, hakai na wenzake.

Hapa Rwanda tunalo neno jingine, zito zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, walionekana watu wanaoshikwa ghafla na kukosa pumzi, kutetemeka na kupiga mayowe, kana kwamba wauaji wamerudi. Hali hiyo Kinyarwanda kinaiita ihahamuka. Wataalamu walioliandikia neno hilo wamelihusisha na ibihaha, yaani mapafu: mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kitenzi kuhaha. Hatudai kuwa ni mzizi mmoja, hilo tunawaachia wanaisimu linganishi. Linalotuhusu ni kwamba mwenye neno la kuitaja hali yake anaweza kuomba msaada, na asiye nalo huambulia kuitwa mwendawazimu. Wala jambo hili si la zamani. Utafiti wa afya ya akili uliofanywa nchini mwaka 2018 ulikuta ugonjwa wa hofu ya ghafla kwa takriban asilimia 8 ya watu kwa jumla, na kwa zaidi ya robo ya manusura wa mauaji hayo.

Wengi huuliza: kuongea tu kutaniponyaje? Tiba iliyochunguzwa sana ni ile ya fikra na mwenendo, ambayo daktari Mmarekani Aaron Beck aliianzisha katika miaka ya 1960. Mtaalamu hamwambii mgonjwa "usiogope". Humwomba autoe mnong'ono wake nje kwa sentensi kamili, kisha wanaupima pamoja. Tuseme mwanafunzi anasema: "Nikikosea, hawataacha kunicheka." Je, mwenzake aliyesema "tulikwenda kupiga kula" akikusudia kura, leo nani anamkumbuka? (Kwa wasomaji walio nje ya Rwanda: l na r hututesa sana sisi wazungumzaji wa Kinyarwanda.) Baada ya fikra huja mwenendo. Mwanafunzi husoma kwa sauti peke yake, halafu mbele ya rafiki mmoja, halafu watatu, halafu darasa zima. Katika kila hatua hubaki pale pale mpaka hofu ishuke yenyewe, nayo hushuka. Kukimbia hutuliza papo hapo, lakini huufundisha mwili kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Wapo pia wanaohitaji dawa, na hilo ni la daktari kuamua.

Tiba si lazima iwe ya watu wawili chumbani. Mwaka 2005 huko Byumba, kaskazini mwa nchi, ilianzishwa tiba ya vikundi ambayo leo inajulikana kwa jina la Mvura Nkuvure, yaani "nitibu nami nikutibu". Watu kumi hadi kumi na watano hukutana mara moja kwa wiki, kwa vikao 15, wakianza na suala la usalama kabla ya kugusa kumbukumbu. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi wa Harare kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hao hawakutumia majina ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema fulani "ana mawazo", na kila mtu angeelewa. Matokeo mazuri ya utafiti juu ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2016.

Kwa walimu wa lugha, wasiwasi wa darasani una historia yake. Elaine Horwitz na wenzake walitunga mwaka 1986 kipimo cha maswali 33 kuhusu hofu ya kuzungumza lugha ngeni. Kwa maoni yetu, nusu ya dawa imo mikononi mwetu: tumwache mwanafunzi amalize sentensi ndipo tumsahihishe, na kicheko cha darasa tusikishiriki.

Ihahamuka ni jambo jingine, na mwalimu asijaribu kulitibu. Katika juma la maombolezo linaloanza tarehe 7 Aprili, tusitoe insha ya "siku nisiyoisahau". Mwanafunzi akishikwa, atolewe mahali penye kelele, asizungukwe na watu, asiulizwe ameona nini. Mtu mmoja anayemjua akae naye na kuzungumza naye polepole, kwa Kinyarwanda, mpaka pumzi zirudi. Kisha apelekwe kwa mshauri wa chuo au kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya. Huko pia aseme kwa lugha anayoiotea ndoto. Kiswahili chake tutakisikiliza siku nyingine.