Majeruhi Mahututi: Kinachotangulia Kutibiwa

Ndugu wanaomsindikiza majeruhi wa ajali hospitalini mara nyingi hushangaa kuona mguu uliovunjika haushughulikiwi kwanza. Makala hii inaeleza sababu, na inaonyesha mahali ambapo kamati za parokia na wafadhili wanaweza kusaidia.

Jijini Dar es Salaam, majeruhi wengi walioumia vibaya hufikishwa Muhimbili. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Mifupa (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, pamoja na Idara ya Tiba ya Dharura ya Hospitali ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 2010.

Utaratibu wa kumhudumia

Kinachoua haraka zaidi ndicho hutangulia kutibiwa.

1. Njia ya hewa. Damu, matapishi au ulimi vikiziba koo, mtu hufa kwa dakika chache. Wahudumu husafisha kinywa na kuinua taya, huku shingo ikilindwa isitikisike.

2. Kupumua. Hewa au damu ikijaa kifuani nje ya pafu, pafu hunywea. Daktari huingiza mpira ubavuni ili kuitoa.

3. Damu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Paja lililovunjika linaweza kuficha zaidi ya lita 1 bila tone kuonekana nje. Kwa hiyo majeraha hubanwa, nyonga iliyovunjika hufungwa kwa mkanda au shuka, na kipimo cha ultrasaundi hutafuta damu tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 kutoka nchi 40, ulionyesha kuwa dawa ya asidi ya traneksamiki hupunguza vifo ikitolewa ndani ya saa 3.

4. Ubongo. Hupimwa fahamu na mboni za macho.

5. Mwili mzima. Nguo hukatwa, mgonjwa huchunguzwa mbele na nyuma, kisha hufunikwa blanketi, kwani mwili ukipoa damu haigandi vizuri.

Baada ya hapo ndipo mguu hupata zamu yake.

Sehemu yetu

Maji ya dripu hayawezi kusafirisha oksijeni mwilini kama damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Vilevile haikai: chembe nyekundu huhifadhiwa wiki chache tu. Majeruhi anayeingia usiku wa leo huokolewa na damu iliyotolewa kabla hajaumia. Kujitolea kwa wingi baada ya ajali kubwa ni jambo jema, lakini hakutoshi.

Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Tunaziomba kamati zipange zamu za mwaka mzima pamoja na kituo cha damu salama kilicho karibu.

Nanyi wafadhili, kabla ya kutuma mashine, ulizeni kwanza hospitali ina upungufu gani, na nani atazitengeneza zikiharibika. Mara nyingine kinachokosekana ni mifuko ya damu, vitendanishi au mafuta ya gari la kukusanyia damu.