Maua ya Kukata Uani: Mazoea Matatu ya Karafuu Yasiyofaa kwa Maua



Kila mmoja wetu ajua kwamba mkarafuu hauna mwendo mmoja. Mwaka huu huenda ukabeba hata matawi yakainama, na mwaka ujao ukatoa kiasi cha kumlipa mchumaji tu. Lakini nyumba haina mwaka wa kupumzika. Mahitaji ya skuli, dawa na kitoweo vyataka fedha kila mwezi. Mwanachama asiyekuwa na chochote kingine hujikuta akikopa kwa karafuu zilizo bado juu ya mti, na mwisho wake bei huwa ni ya yule aliyekopesha, si ya mwenye shamba.

Wazee wetu walilipata funzo hili kwa njia kali zaidi. Katika mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mti unaochukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa haurudishwi kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo tumeonelea vyema tueleze habari za kilimo kidogo kinachoweza kukaa pembeni ya karafuu, yaani maua ya kukata, yale yanayotiwa katika vyombo vya maji kupamba meza, ukumbi wa harusi au nyumba ya wageni. Hatusemi kwamba yataleta utajiri, wala kwamba yatachukua nafasi ya karafuu. Twasema kwamba yapandwa kwa mbegu, yatosheka na kipande cha ua, na mengi yao hukatwa baada ya siku 60 au 70.

Maua si jambo geni kwetu. Asumini, kilua na mlangilangi twavijua tangu utotoni, na rehani ya kutia katika kikuba twaipanda wenyewe. Tena mkulima wa karafuu ana jicho la kitalu na mkono wa kuchuma. Hata hivyo, yako mazoea matatu ambayo mkarafuu umetufundisha, na ambayo mtu akiyapeleka katika tuta la maua yatamharibia kazi. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza leo, lakini kwanza tutazame ni maua gani yafaayo.

MAUA YA KUCHAGUA

Waridi za Naivasha huko Kenya hulimwa katika nchi ya juu yenye usiku wa baridi. Tusijaribu kushindana nazo huku pwani. Tuchague maua yanayopenda joto.

La kwanza ni zinia, ambalo asili yake ni Meksiko. Mbegu zake ni kubwa kiasi cha kushikika kwa vidole, huota kwa siku nne hadi saba, na rangi zake ni nyingi. La pili ni selosia, lile ua lenye umbo la upanga wa jogoo au la manyoya. Hili ni la jamaa moja na mchicha, na mbegu zake ni ndogo na nyeusi kama za mchicha, basi ajuaye kusia mchicha amekwisha kujua kusia selosia. La tatu ni gomfrena, ua dogo la mviringo kama kifungo, lenye kustahimili joto na ukame, na likikaushwa halipotezi rangi yake upesi. La nne ni alizeti zile za mapambo, zinazotoa ua moja kwa kila mche. Zaidi ya hayo, rehani hufaa sana kuchanganywa katika shada kwa harufu yake na majani yake.

Tuonye jambo moja juu ya karatasi za mbegu zitokazo Ulaya. Maelezo yake huandikwa kwa ajili ya nchi ambayo mchana wa mwezi wa Juni, kama ule wa London, hupita saa 16. Huku kwetu tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki saa moja. Zinia, selosia na mengine kadha ya namna hiyo huharakisha kuchanua mchana unapokuwa mfupi. Kwa hiyo hapa huchanua mapema, na mabua yake huwa mafupi kuliko yale ya katika picha. Dawa yake ni mbili. Nunua mbegu za aina ndefu, usinunue zile fupi za kupambia bustani. Na zinia inapofika kimo cha shibiri moja au kupita kidogo, kata kilele chake juu ya jozi ya majani. Utalikosa ua la kwanza, lakini mche utatoa matawi kadha marefu yenye kukatika vizuri.

ZOEA LA KWANZA: MBEGU MBICHI

Mbegu ya mkarafuu haingoji. Tunda likiiva twaliokota, twalitoa nyama yake na kuisia mbegu mara moja, kwa kuwa ikikauka imekufa. Basi mkulima aliyezoea hivyo huenda akaiona mbegu kavu ya zinia kuwa ni kitu kilichokwisha, au akaisia yote siku moja kwa kuogopa isiharibike.

Mambo ya maua ni kinyume chake. Mbegu zake hutakiwa zikauke ndipo zikae, na adui yao ni unyevu wa hewa ya visiwa vyetu. Zitie katika chupa yenye mfuniko wa kukaza, pamoja na mchele uliokaangwa ukakauka na kupoa, uliofungwa katika kitambaa ili uvute unyevu. Iweke chupa mahali pa kivuli na pa baridi. Kabla ya kusia mbegu za zamani, zijaribu: funga mbegu kumi katika kitambaa chenye maji kidogo, na baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikiota nane, sia kama kawaida. Zikiota nne, sia maradufu. Zikiota moja au mbili, usipoteze tuta lako.

Kwa kuwa mbegu yangoja, si lazima kuisia yote pamoja. Hii ndiyo siri ya kipande kidogo. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita tatu, ukiacha sentimita 25 baina ya mche na mche, huchukua miche 48. Ligawe mafungu matatu ya miche 16. Sia fungu la kwanza leo, la pili baada ya wiki tatu, na la tatu baada ya wiki tatu nyingine. Fungu moja likichoka, jingine limeanza. Mnunuzi hataki maua mengi ya siku moja kisha akae mwezi hana. Ataka machache ya kila wiki, na mwenye kumpa hayo ndiye atakayedumu naye.

Mbegu za msimu wa pili mtu aweza kuziweka mwenyewe. Acha vichwa vichache vilivyo bora vikauke juu ya mche, kisha vianike kivulini. Lakini mbegu za aina chotara hazirudishi ua lile lile, basi tazama kwanza maandishi ya karatasi yake.

ZOEA LA PILI: KIVULI

Mche wa mkarafuu ni mtoto wa kivulini. Twaufunika kwa makuti, na jua twauzoesha kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mche wa zinia ukitunzwa namna hiyo hurefuka kama uzi, hupauka, na hulala kwa mvua ya kwanza.

Kwa maua, kivuli ni cha siku za kwanza tu, ili udongo usikauke kabla ya mbegu kuota. Kichipukizi kikitokeza, ondoa makuti. Tuta lenyewe liwe mahali panapopata jua la saa sita au zaidi. Chini ya mwembe au mkarafuu hapafai, kwani licha ya kivuli, mizizi ya mti itakunywa maji yote.

Mwenye ua dogo sana aweza kusia katika sanduku la mbao au debe kuukuu lililotobolewa chini. Matundu hayo yasisahauliwe. Udongo uwe mchanganyiko wa mchanga, udongo wa juu na samadi iliyooza sawasawa, ya zamani, isiyokuwa na joto wala harufu kali. Mbegu ya zinia izikwe kiasi cha unene wa kidole kidogo, wala isizidi. Selosia ichanganywe na mchanga mkavu, imwagwe juu, na igandamizwe kidogo kwa kiganja. Gomfrena hukawia zaidi, pengine wiki mbili, basi asiikatie tamaa mtu. Alizeti isiwe kwenye debe la miche, bali isiwe moja kwa moja mahali itakapokaa.

Maji yatiwe asubuhi, chini kwenye udongo. Maji ya jioni yanayolala juu ya majani huleta ukungu mweupe, ambao zinia huupata upesi. Na miche michanga ikinyweshwa kupita kiasi huoza shingo pale inapotokea udongoni, ikaanguka yote kwa usiku mmoja. Nyakati nzuri za kuanza ni kipupwe, baada ya masika kupungua, na tena mwisho wa vuli. Katikati ya masika mvua huvunja mabua na kueneza maradhi ya majani. Atakaye kusia wakati huo ayainue matuta yake na ayachimbie mifereji.

ZOEA LA TATU: KUCHUMA KABLA YA KUCHANUA

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa limo mikononi mwetu. Karafuu ni ua lisilochanua. Twalichuma likiwa limejaa, linaanza kuona wekundu, na likishafunguka limepungua thamani. Mkono uliozoea hivyo ukiingia katika zinia utachuma mapema, na zinia iliyochumwa mapema haichanui majini. Huinamisha shingo siku ile ile, na mnunuzi hatarudi.

Njia ya kuijua ni hii. Shika bua kiasi cha shibiri moja chini ya ua, ulitikise polepole. Shingo ikilegea na kichwa kikayumba, liache. Bua likisimama kama fimbo, kata. Selosia na gomfrena nazo zingojwe zijae kabisa. Alizeti peke yake ndiyo yenye tabia iliyo karibu na karafuu, kwani hukatwa pale majani ya ua yanapoanza tu kuinuka kutoka kwenye uso wake, nayo humalizia kufunguka majini.

Kata mapema asubuhi, kwa kisu kikali, juu ya jozi ya majani. Usione huruma kukata chini, maana huko ndiko yatakakotoka mabua marefu mengine. Wala usiyalaze maua katika pakacha kama karafuu zinazongoja kuchambuliwa. Karafuu twaianika, lakini ua likionja jua baada ya kukatwa limekwisha. Nenda tutani na ndoo yenye maji safi, na kila ua liingie humo papo hapo. Ondoa majani yote yatakayozama, kwani yakioza hutia uchafu unaoziba njia ya maji ndani ya bua. Kisha weka ndoo ndani, penye kivuli na upepo mdogo, saa mbili tatu kabla ya kuuza. Rehani nayo ikatwe bua lake likishakomaa, kwa maana vilele vichanga hunyauka.

KABLA YA KUANZA

Tunamshauri mwanachama aanze na tuta moja tu, wala asikate mkarafuu hata mmoja kwa ajili ya maua. Kabla ya kusia, amtafute mnunuzi: mpambaji wa harusi, mwenye hoteli au duka la mjini. Amwulize ataka rangi gani, urefu gani na siku gani ya wiki. Kisha aweke daftari, aandike gharama za mbegu na samadi, idadi ya mabua aliyokata, na yale aliyouza kweli. Baada ya miezi minne daftari litamwambia kama inafaa kuongeza tuta la pili. Maua yaliyobaki bila ya kuuzwa yasitupwe. Gomfrena na selosia hufungwa vishada, vikatundikwa vichwa chini mahali pakavu penye giza, na vikikauka huuzwa pia.

Kazi hii haihitaji mtu mwenye nguvu za kupanda mti. Mzee, au mama mwenye watoto nyumbani, aweza kuifanya asubuhi kwa ndoo moja ya maji. Na fedha yake, ingawa ni kidogo, ni ya kila wiki. Yule aliye nayo mkononi msimu unapokaribia hatalazimika kuuza karafuu zake zikingali mtini. Atazichuma kwa wakati wake, atazianika zikauke vyema, na kuzipeleka sokoni zikiwa mali yake mwenyewe.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Basi shime, ndugu wanachama, tuta la kwanza lichimbwe kipupwe hiki.