Bei ya betri ya sola haiishii dukani

Wengi waliofunga paneli za sola zilizounganishwa na gridi hushangaa siku umeme unapokatika saa sita mchana: jua linawaka, na nyumba yao imezimika sawa na za majirani. Hiyo si hitilafu. Inveta ya aina hiyo hujizima mara gridi inapokatika, ili umeme wa juu ya paa usirudi kwenye nyaya na kumuua fundi anayezitengeneza. Ili sola ifanye kazi wakati huo, na baada ya jua kuzama, nyumba inahitaji betri pamoja na inveta inayoweza kujitenga na gridi. Hapo ndipo mnunuzi anapokutana na bei mbili zilizoachana sana, ya betri ya asidi na ya lithiamu, na mara nyingi huchukua ya chini. Bei hiyo ni sehemu tu ya gharama. Betri ipimwe kwa uniti itakazorudisha maisha yake yote, na kwa mahali itakapoishia ikishachoka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 imeandikwa uwezo wa uniti 2.4, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani uniti 1.2. Kwa matumizi hayo, betri nyingi za aina hii huanza kuchoka baada ya mizunguko 500 hivi ya kujaa na kutumika. Ikitumika kila usiku, hiyo ni chini ya miaka miwili, na jumla ya uniti 600. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfati yenye ampea-saa 100, nusu ya ile, huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, hivyo inatoa takribani uniti 1 kila usiku, na hustahimili mizunguko 3,000 au kuzidi: miaka minane na jumla ya uniti 3,000. Hata ikiuzwa mara tatu ya bei ya mwenzake, kila uniti yake ni nafuu. Joto la pwani huzidisha tofauti hiyo, kwa kuwa maisha ya betri ya asidi hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Tena ikiachwa siku kadhaa bila kujazwa, fuwele za salfeti hugandamana kwenye sahani zake na uwezo uliopotea haurudi wote.

Gharama ya pili hailipwi na mnunuzi peke yake. Uzito mwingi wa betri ya asidi ni madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hufyonza mara nne hadi tano ya risasi anayofyonza mtu mzima katika kiasi kilekile anachomeza, na madhara yake katika ubongo unaokua hayatibiki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba betri moja ikifumuliwa na kuyeyushwa mtaani huachia kilo 3.5 hadi 4.7 za risasi. Mombasa inalijua jambo hili kwa uchungu. Wakazi wa Owino Uhuru walidhuriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu jirani na nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Anayenunua betri tano za asidi ili kupata uniti ambazo lithiamu moja ingetoa huzalisha mizigo mitano ya sumu hiyo.

Wapo watakaosema lithiamu hulipuka. Hofu hiyo imetokana zaidi na betri za simu na pikipiki zenye kobalti au nikeli. Ile ya chuma na fosfati huhimili joto kubwa zaidi kabla ya kuanza kujiunguza, na ndani yake huwa na kidhibiti kinachokata umeme ikijaa kupita kiasi au ikipata moto. Bado ifungwe na fundi mwenye ujuzi, kwa fyuzi na nyaya za unene unaotakiwa, mbali na jiko na chumba cha kulala. Wengine watauliza faida yake iko wapi tangu Bwawa la Julius Nyerere la Tanzania lenye megawati 2,115 lianze kuzalisha umeme. Wana hoja: mahali ambapo umeme hukatika kwa nadra, betri ya aina yoyote itachelewa sana kurudisha fedha zake, na nyumba hiyo inaweza kuendelea na paneli peke yake. Hata hivyo uzalishaji ni jambo moja, na nguzo iliyoanguka au transfoma iliyoungua mtaani ni jambo lingine.

Pingamizi zito zaidi ni mfuko: si kila familia ina fedha za kutoa kwa mkupuo. Jibu ni kuanza na betri ndogo. Taa sita za LED, televisheni na friji ndogo kwa usiku mmoja hula karibu uniti 1, kiasi ambacho ile ya ampea-saa 100 inakitosheleza. Pasi, hita ya maji na jiko la umeme visubiri jua au gridi. Asiyeweza hata hivyo akanunua ya asidi anatatua shida ya leo, ila aulize mapema nani ataipokea ikichakaa, na asimpe muokota vyuma atakayeifumua uani. Dukani, kabla ya kuuliza bei, uliza dhamana ni ya miaka mingapi na mizunguko mingapi, kisha gawanya bei kwa jumla ya uniti. Muuzaji asiye na majibu hayo anakuuzia kasha.