Mume Wangu, Boksi la Gemu na Hela ya Kiwanja

Jumapili moja mwaka jana mume wangu aliniwekea mezani boksi la viatu. Ndani kulikuwa na kadi alizokata kwa mkasi, vifuniko vya soda na ramani ya Dar es Salaam aliyoichora kwa kalamu za rangi za watoto. Gemu la mezani! Kila mchezaji ana daladala yake, anagombea abiria toka Mbagala mpaka Mwenge huku akikwepa trafiki. Tukacheza, nikafungwa. Tukarudia hadi saa sita usiku na, niwe mkweli, gemu ni tamu.

Kisha akatoa la moyoni. Anataka kuchapisha maboksi 1,000 ayauze duniani. Hela je? "Watu watachanga mtandaoni, mke wangu. Sisi hatutoi hata senti."

Nikasema sawa, ila kwanza nisome.

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, nusu ya mambo haya unayajua. Unapanga bajeti, unagawa kadi za mchango, watu wanaahidi, siku inafika. Kickstarter, mtandao uliozinduliwa New York mwaka 2009, unakwenda hivyohivyo ila kwa tofauti moja kubwa: muda ukiisha lengo halijatimia, hakuna mchangiaji anayekatwa chochote. Likitimia, unapewa hela pamoja na deni la kumfikishia kila mtu boksi lake.

Mfano aliokuwa nao mume wangu mdomoni ni mmoja tu, Exploding Kittens. Na kweli unatia wazimu. Januari 2015 wenye gemu hilo la karata waliomba dola 10,000, wakaondoka na zaidi ya dola milioni 8.7 kutoka kwa watu 219,382. Alichokuwa hakisemi ni kwamba mmoja wa wabunifu wake, Matthew Inman, ndiye mchora katuni za The Oatmeal, na tayari alikuwa na mamilioni ya wasomaji. Watu walikuwepo kabla ya gemu. Tena hawakuachwa wakae kama wageni waalikwa. Wakapewa kazi za vichekesho, mojawapo kuleta picha ya watu 10 waliovaa kama Batman, wote kwenye beseni moja la maji moto. Wakaileta! Hapo mchango umeshageuka sherehe.

Mimi lakini aliyenikosha ni Isaac Childres, msomi wa fizikia. Gemu lake la Gloomhaven, boksi la karibu kilo 10, lilichangiwa dola 386,104 mwaka 2015. Maboksi yakawafikia watu, watu wakacheza, wakasimuliana. Kampeni ya toleo la pili mwaka 2017 ikavuta karibu dola milioni 4, na Frosthaven mwaka 2020 ikafika karibu milioni 13. Yaani ile hela kubwa aliipata baada ya kuonyesha kwamba akiahidi, analeta.

Upande wa pili upo. Mwaka 2012 gemu liitwalo The Doom That Came to Atlantic City liliomba dola 35,000, likapata 122,874. Mwaka uliofuata mwenye kampeni akatangaza kwamba gemu halipo tena. FTC, tume ya biashara ya Marekani, ikamfungulia kesi, na mwaka 2015 ikaeleza kuwa sehemu kubwa ya hela iliishia kwenye mambo binafsi, kodi ya nyumba ikiwemo.

Hiyo niliisoma mara mbili, kwa sababu Kickstarter ina orodha ya nchi ambazo wakazi wake wanaruhusiwa kufungua kampeni, na Tanzania haimo. Kampeni yetu ingefunguliwa na wifi yangu anayeishi Leicester, kwa jina lake na akaunti yake. Maboksi yasipofika, wa kutukanwa ni wifi.

Basi tukakaa na kikokotoo. Mume wangu alitaka lengo la dola 5,000, eti lengo dogo linatimia haraka na linavutia watu. Boksi moja dola 40 usafiri ukiwemo, hao ni watu 125. Kickstarter inachukua asilimia 5. Makato ya malipo ni asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango. Tunabaki na dola 4,575. Kiwanda cha China tulichokiuliza bei hakichapi chini ya maboksi 1,000, kila moja dola 11. Hiyo ni 11,000. Kumfikishia mtu mlangoni tulikadiria dola 14.

Nikajumlisha, nikamgeuzia karatasi. Tungeshangilia kufaulu huku tukiwa na pengo la dola 8,175, na hela pekee iliyopo nyumbani kwetu ni ya kiwanja cha Kigamboni. Kampeni ikifeli tunapoteza usingizi tu. Ikifaulu kwa lengo la uongo, kiwanja kimekwenda.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyenuna, "Kwa hiyo hauniamini?" Jamani! Hapo ndipo wengi wetu tunarudi nyuma kulinda amani ya nyumba. Nikamwambia gemu naliamini, hesabu ndiyo siiamini. Tulilala tumepeana migongo.

Siku ya tatu alirudi na lengo jipya, dola 22,000. Ni wachangiaji 550, na baada ya makato, kiwanda na usafiri inabaki kama dola 1,430 ya maboksi yatakayoharibika njiani. Swali likawa hao 550 tunawatoa wapi.

Sasa kila Jumamosi anabeba boksi lake la viatu, watu wanacheza, anayependa anaandika jina na barua pepe kwenye daftari. Wifi naye analichezesha kwa wenzake kazini. Mume wangu amesema kampeni haifunguliwi kabla majina hayajafika 1,000, kwa sababu si kila anayeahidi anatoa. Si unazijua kadi za michango?

Jana usiku tulihesabu. Yamefika 212, na mmoja wao ni trafiki wa kweli aliyelalamika kwamba kwenye gemu faini ni ndogo mno.