Bima Yako Inalipa Dawa, au Inalipa Kitanda Tu?

Hebu tuanze na watu wawili. Mmoja ni mhasibu katika ofisi moja kule Upper Hill. Mwingine ni mama mboga wa Kayole. Wote wawili wana presha, na wote wameambiwa na daktari jambo moja: meza dawa kila siku, hata siku unayojisikia sawa.

Mhasibu akifika duka la dawa anatoa kadi ya bima ya kazini, anaweka kidole kwenye mashine, anapewa vidonge vya mwezi mzima na kwenda zake. Mama mboga anahesabu kwanza mauzo ya leo. Nyanya zikienda vizuri, ananunua vidonge vya wiki moja. Mvua ikinyesha na wateja wasitoke, ananunua vya siku tatu, ama anaacha kabisa mpaka Jumatatu.

Ugonjwa ni uleule na dawa ni ileile. Tofauti ni nani analipa. Tumeandika makala haya kwa sababu siku hizi ni rahisi sana kulipia bima kwa simu, na ni rahisi vilevile kulipia bima usiyoielewa.

Bima ya bei nafuu mara nyingi hulipa kulazwa

Bima za afya za kampuni binafsi zina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kulazwa: kitanda, upasuaji, na dawa unazopewa ukiwa wodini. Ya pili ni matibabu bila kulazwa: kumwona daktari, vipimo, na dawa za kwenda nazo nyumbani. Hii ya pili ndiyo inayolipia dawa za presha, sukari au pumu.

Shida ni kwamba sehemu ya pili huwa nyongeza. Unanunua ya kulazwa kwanza, halafu ukitaka ya dawa unaongeza pesa. Na si pesa kidogo, kwa sababu kampuni inajua watu wengi watatumia sehemu hiyo mara nyingi kwa mwaka, si mara moja kwa miaka kumi.

Zile bima ndogo ndogo unazolipia kidogo kidogo kwa simu ziko chini zaidi ya hapo. Nyingi hukupa kiasi fulani cha pesa kwa kila usiku uliolala hospitalini. Hiyo ni msaada wa kweli, tusiidharau. Lakini soma vizuri: usipolazwa, hakuna pesa. Mama mboga wetu anaweza kuilipia mwaka mzima na bado anunue kila kidonge kwa pesa yake. Na akikosa dawa, presha ikapanda hadi akapata kiharusi, hapo ndipo bima inaanza kulipa. Yaani imelipia madhara ya kukosa dawa, na dawa yenyewe haikuilipia.

Kwa nini mwenye mshahara hupata zaidi

Si kwamba mhasibu ni mjanja kuliko mama mboga. Mfumo wenyewe unamsaidia kwa njia tatu.

Kwanza, mwajiri analipa ada yote au sehemu kubwa. Mfanyakazi hahitaji kutafuta maelfu ya shilingi kwa mkupuo mmoja mwezi Januari, wakati karo za shule nazo zinasubiri.

Pili, bima ya kikundi ni nafuu kwa kila mtu. Wafanyakazi 200 wakikatiwa bima pamoja, wengi wazima hubeba wachache wagonjwa. Mara nyingi hata aliye na ugonjwa wa muda mrefu anaingia bila maswali mengi. Ukienda peke yako, unajaza fomu, unaulizwa una ugonjwa gani, kisha unapewa kipindi cha kusubiri kabla ugonjwa huo haujaanza kulipiwa. Kama umri umesonga, ada inapanda au mlango unafungwa.

Tatu, kuna kodi, na hili wengi hawalijui. Bima ya matibabu anayolipiwa mfanyakazi na mwajiri kwa kawaida haihesabiwi kama mapato ya kukatwa kodi. Na anayejilipia bima ya afya mwenyewe hupata nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya ada aliyolipa, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka. Tuchukue ada ya Sh40,000 kama mfano: nafuu ni Sh6,000. Lakini nafuu hiyo hupunguza kodi unayodaiwa. Mwenye mshahara wa Sh20,000 kwa mwezi tayari hadaiwi kodi ya mapato, kwa sababu nafuu ya kawaida ya Sh2,400 kwa mwezi imeshaifuta yote. Hana kitu cha kupunguziwa. Kwa hiyo bima ileile inamgharimu zaidi yule anayepata kidogo.

Na hawa si wachache. Zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 nchini, tukiacha kilimo kidogo, wako katika sekta ya jua kali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ni karibu Mkenya 1 kati ya 4 tu aliyekuwa na bima ya afya ya aina yoyote, na wengi wao walikuwa kwenye NHIF ya wakati huo, si bima binafsi.

SHA inasaidia wapi?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ilipisha SHA. Kuna mambo mawili ya kutenganisha hapa.

La kwanza ni huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na 3. Hapa unahitaji kusajiliwa tu, na gharama inabebwa na serikali. Kwa mwenye presha au sukari, huu ndio mlango wa kwanza wa kubisha, kwa sababu dawa za kawaida za magonjwa haya zinapaswa kupatikana hapo. Dawa ikiisha kwenye kabati, utaambiwa ukanunue nje, na hapo unarudi mfukoni mwako.

La pili ni mfuko wa SHIF, unaohusika na hospitali za ngazi ya 4 hadi 6. Huu lazima uwe umechangia. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wake kwa maswali kuhusu nyumba na maisha, kisha hupangiwa kiasi. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima: Sh3,600 kwa pamoja.

Piga hesabu kidogo. Anayepata Sh100,000 anakatwa Sh2,750, ambayo ni asilimia 2.75. Anayepata Sh6,000 analipa Sh300, ambayo ni asilimia 5. Tena wa kwanza hukatwa kila mwezi bila kuhisi sana, na wa pili anatakiwa kutoa kwa mkupuo. Ndiyo maana kukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ili mtu aweze kugawanya malipo hayo.

Uliza haya kabla ya kubonyeza "lipa"

- Je, bima hii inalipia dawa nikiwa sijalazwa?
- Kikomo cha dawa kwa mwaka ni shilingi ngapi, na magonjwa ya muda mrefu yana kikomo chao tofauti?
- Ugonjwa nilio nao sasa utaanza kulipiwa lini?
- Kila nikichukua dawa, mimi mwenyewe natoa ngapi?
- Ni maduka gani ya dawa karibu na kwangu yanayokubali bima hii?

Kama wakala hawezi kujibu swali la kwanza kwa "ndiyo" au "hapana", usilipe bado. Mwambie akuonyeshe kwenye maandishi.

Ukiwa huna bima ya dawa

Jisajili SHA kwa kupiga *147#, hata kama huna mchango wa kulipa leo. Ni bure.

Ukifika duka la dawa, muulize mfamasia kama kuna dawa yenye kiungo kilekile lakini ya bei nafuu. Mara nyingi ipo, tofauti ikiwa ni jina na pakiti.

Tenga pesa ya dawa kila siku, kando na pesa ya biashara. Kama dawa za mwezi ni Sh900, hiyo ni Sh30 kwa siku. Weka kwenye akiba ya simu kila jioni kabla hujahesabu faida. Na ukilipa dawa kwa simu, usifute ujumbe. Ni risiti yako.

Mwisho, jihadhari. Sisi hatutakupigia kukuuliza namba ya siri, na hakuna bima halali inayoihitaji ili "kukusajili".

Hatutakudanganya kwamba Sh30 kwa siku zinaziba pengo kati ya Kayole na Upper Hill. Pengo hilo limejengwa na ajira, kodi na jinsi bima zinavyouzwa, na simu haiwezi kulibomoa. Lakini angalau ujue unacholipia. Kama bima yako ni ya kitanda, bajeti ya dawa bado iko mikononi mwako, na inafaa kuanza leo jioni.