Homoni Ndio Meneja wa Mabaunsa wa Ini Lako. Soma Hii Kabla Umeze Panadol Ingine

Kichwa kinagonga, unameza Panadol mbili. Saa moja baadaye bado kinagonga, unaongeza mbili. Jioni unapiga dawa ya homa juu yake. Maze, kuna mtu analipia hiyo bili, na ni ini lako.

Iko hivi. Ndani ya Panadol kuna parasetamoli. Nyingi yake ini hutoa bila noma, lakini kiasi kidogo hugeuka sumu inaitwa NAPQI. Hapo ndipo mabaunsa huingia. Jina lao ni glutathioni, na kazi yao ni kushika hiyo sumu kabla igonge seli. Shida ni, wako na idadi. Ukizidisha dawa wanaisha, na seli za ini zinaanza kufa.

Sasa nani huajiri hawa mabaunsa? Homoni.

Mwaka wa 1992, watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao juu ya seli za ini la panya zilizokuzwa kwenye maabara. Seli zilizowekewa insulini au haidrokotisoni zilitengeneza glutathioni nyingi kuliko zile zilizonyimwa. Sababu? Hizo homoni huongeza nguvu ya kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kuunda glutathioni. Bila meneja, mlango unabaki na walinzi wachache.

Lakini usijifanye daktari ukaanza kutafuta insulini. Bila kipimo inaweza kukuua kwa kushusha sukari ya damu. Na hata meneja mpoa hawezi kushinda umati ukiwa mkubwa sana.

Yako wewe ni hesabu. Mtu mzima mwenye afya hafai kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500. Kama unapiga mtungi kila siku, uliza daktari, yako inaweza kuwa chini ya hapo. Soma pia pakiti ya dawa ya homa, nyingi ziko na parasetamoli ndani.

Na kama wewe ama beshte yako amezidisha, msingoje macho yageuke manjano. Siku ya kwanza mtu anaweza kujiskia fiti kabisa huku ini linaungua. Kimbieni hosi. Kuna dawa inaitwa asetilisisteini ambayo husaidia mwili kuunda mabaunsa wapya, na hufanya kazi poa zaidi ikipeanwa ndani ya saa 8.

Ini ni moja tu, buda.